Tondo Hasubiri Kuitwa

"Na siku Shakwe asipoita?"

Swali hilo liliulizwa barazani, mchana kweupe, maji yakiwa yamekupwa na kila mkaaji wa mikokoni amekaa mahali pake. Aliyeuliza ni Tondo. Wote walimsikia na hakuna aliyemjibu. Kaa mmoja wa pembeni alitoa povu mdomoni kama anayetaka kusema, akaghairi. Mwingine akajitia kusafisha macho. Mwenyekiti akasema tuendelee na jambo linalofuata, na jambo lililofuata lilikuwa kumshukuru Shakwe.

Kama humjui Tondo, ni yule konokono mwembamba wa rangi ya matope anayeishi kwenye mchu, mti wa mikokoni wenye gome la kijivu na mizizi inayochomoza ardhini kama vidole. Mtazame vizuri utaona mambo mawili. Gamba lake lilipaswa kuishia kwenye ncha kali, lakini ncha haipo, imekatika. Halafu, anapanda mti kabla ya maji kuja. Hangoji yamguse, hangoji ayaone. Bahari iko mbali kabisa, matope yanang'aa juani, na yeye huyo, yuko njiani kwenda juu. Wapo wanaosimulia kwamba anafanya hivyo kwa woga. Hoja hiyo naipinga, na kisa chenyewe ndicho ushahidi wangu.

Wakati ninaousema, hapakuwa na kiumbe wa matopeni aliyejisumbua kutazama maji. Kazi hiyo ilikuwa ya Shakwe, ndege wa pwani. Alikaa kwenye tawi la juu la mkoko uliokuwa mdomoni mwa hori, pale mkono wa bahari unapoingia mikokoni, bahari nzima iko mbele yake, na maji yalipogeuka alipiga kelele: "Maji! Maji! Maji!" Hapo kaa wadogo wekundu waliingia mashimoni na kuziba milango kwa tope. Samaki wa matopeni, wale wenye macho ya kutokeza wanaoruka kama vyura, walirukia mizizi. Tondo nao wakajikokota kuelekea mtini. Maji yenyewe hayakuwa adui wa mtu. Adui ni aliyekuja nayo: Kaa-koko, yule mkubwa wa kijani wa vilindini, mwenye gando la kuvunja gamba kama wewe unavyovunja karanga.

Shakwe alichaguliwa kwa heshima zote. Sauti alikuwa nayo, kifua cheupe alikuwa nacho, na pale alipokaa aliona mbali kuliko yeyote. Kama ahsante, alitengewa kidimbwi kilichobaki katikati ya mizizi kila maji yakipwa, kimejaa kamba na dagaa, na mwingine hakuruhusiwa hata kuchovya mguu. Nani angebisha? Mpango ulikuwa unapendeza. Ulikuwa na kasoro moja tu, na kasoro hiyo ilikaa mbele ya macho ya kila mtu bila kuonekana: kazi ya kuangalia maji walimpa yule mmoja kati yao ambaye maji yakija hana la kupoteza. Anaruka tu.

Tondo aliishi na mamake, mzee mwenye gamba zito lililoota ukoga wa kijani. Kwa wengine mlio wa Shakwe ulitosha. Kaa akisikia "Ma", ile "ji" inamkuta ndani. Lakini tondo ana mguu mmoja, tena wa kuburuta, na kwake mlio ule ulikuwa umechelewa tangu unatoka mdomoni. Siku za kawaida walifika mtini kwa tabu. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, walio nyuma hawakufika. Jirani yao alikwenda hivyo. Mama mdogo wa Tondo alikwenda hivyo hivyo, amebakiza hatua kidogo, anauona mti. Na sasa aliyekuwa akitembea mwisho wa msafara ni mamake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu Tondo alisimama barazani.

"Umeniaibisha," mamake alimwambia walipotoka. "Mbele za watu! Mtoto wa kike unasimama unamhoji mtu mzima kazi yake."

"Sikumhoji yeye, mama. Nimewauliza wao."

"Ndiyo vibaya zaidi."

"Kwani nani amenijibu?"

"Swali lenyewe halina adabu, utajibiwaje?"

"Mama," Tondo akasema, "siku hizi nani anatembea mwisho?"

Mamake alijifanya ameona jani zuri, akaanza kula.

Basi Tondo akaamua jambo lake. Kama hakuna wa kumjibu, yeye ataishi kana kwamba amejibiwa. Kuanzia hapo hakungoja mlio. Aliondoka mapema, akapanda mchu, akangoja maji yamkute juu.

Mwanzoni alikosea, tena vibaya. Aliondoka mapema mno, maji hata hayajamaliza kupwa, akakaa juu ya gome jua likimchoma mpaka gamba likawa kama sufuria, huku chini wenzake wanakula na kucheka. Alishuka na njaa, na mara nyingine alishuka ndipo maji yakaja, akalazimika kugeuka mbio. Mbio za tondo unazijua. Ilikuwa burudani ya mtaa mzima.

"Bibie!" Samaki wa matopeni alimpigia kelele, macho yamemtoka zaidi ya kawaida. "Huko juu kumeiva nini? Tuchumie na sie!"

"Mwacheni," alisema kaa mmoja. "Anatafuta mchumba miongoni mwa ndege."

Hata watoto walipata mchezo mpya. Mmoja anapanda kijiti, mwingine anauliza, "Vipi, maji yamefika?" Wa kwanza anajibu, "Bado, lakini nina wasiwasi!" Kisha wote wanagaagaa matopeni kwa kicheko. Mama Tondo aliyasikia yote hayo, akawa anakula ameelekea upande mwingine.

Habari zikamfikia Shakwe. Akashuka kutoka tawini, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu, akasimama mbele ya Tondo kwa miguu yake safi.

"Nasikia huniamini."

"Nakuamini, bwana mkubwa. Siku unapoita."

"Nimeacha kuita lini mimi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Sasa nakuuliza na wewe, maana barazani limenishinda. Siku ukikosea, nani anakufa?"

Shakwe akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la upande mmoja, kisha la upande wa pili. "Nina macho mazuri sana," akasema.

"Sikuuliza macho."

Shakwe akaruka zake. Nataka ulizingatie jibu lile, kwa sababu ndilo jibu walilopewa wote waliowahi kuuliza swali kama la Tondo. Wanauliza nani ataumia, wanaambiwa jinsi msimamizi alivyo hodari.

Muda ukapita, na mwili wa Tondo ukaanza kuzoea. Hakuweza kueleza ni nini hasa. Matope yalikuwa na namna ya kupoa chini ya mguu, na ndani yake mwenyewe kitu kilikuwa kinakaza, kama njaa lakini si njaa. Kilipokaza, aliondoka. Akawa hakosei tena sana. Tena alipotembea, mguu wake uliacha mstari wa ute unaong'aa kutoka malishoni mpaka kwenye shina la mchu, na kesho yake aliufuata mstari uleule. Tondo wadogo wakauona. Walianza kuufuata kwa kumwigiza, matako yamebinuka, wanacheka. Lakini ukifuata njia kila siku kwa dhihaka, mwisho unaijua njia. Na juu ya mti kulikuwa na upepo mzuri. Wakawa wanakuja.

Aliyekataa ni mamake.

"Mimi nitapanda nikiitwa," alisema. "Nimeitwa maisha yangu yote, na niko hai."

"Mama mdogo naye aliitwa."

"Usimtaje marehemu ukitaka kushinda ubishi."

Tondo akaomba radhi. Lakini hakuacha kupanda, na hakuacha kutazama chini.

Ikaja siku ya bamvua kubwa. Asubuhi Shakwe alikuwa kwenye tawi lake kama kawaida. Sitaki kumsingizia, hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa ameshiba kidimbwi kilekile siku zote, ladha ikamchosha, na huko nje, ng'ambo ya mwamba, dagaa walikuwa wanachemka juu ya maji na ndege wengine wote wamejaa kelele. Akajiambia anakwenda kuonja na kurudi. Akala. Akala tena. Kisha akatua kwenye fungu la mchanga lenye joto zuri, akaingiza kichwa chini ya bawa, akalala.

Mikokoni ilikuwa siku njema. Matope yalikuwa laini, majani yamedondoka mengi, kila mtu ametoka na watoto wake. Katikati ya hayo Tondo akahisi kile kitu kinakaza, tena si kidogo. Akainua kichwa kutazama tawi. Tawi tupu.

"Mama, twende."

"Shakwe hajaita."

"Shakwe hayupo."

"Basi maji hayaji," mamake alisema, akiendelea kula. "Yangekuwa yanakuja, angekuwepo."

Usimcheke mzee wa watu. Wote walifikiri hivyo siku ile. Walikuwa wameusikia mlio kabla ya maji kwa muda mrefu mno, mpaka vichwani mwao mlio ndio ulioleta maji. Hakuna mlio, hakuna maji. Kaa walitazama tawi tupu wakafurahi: leo tutakula mpaka tuchoke.

Tondo akapaza sauti kwa kadiri konokono anavyoweza. "Maji! Jamani, maji!"

"Ala!" alisema Samaki wa matopeni. "Wewe ndiye Shakwe siku hizi? Manyoya yako wapi?"

Mwenyekiti, kaa mwekundu mwenye gando moja kubwa kuliko kiwiliwili chake, akalinyanyua juu kutaka utulivu. "Bibie, hilo haliko katika utaratibu. Kuita maji kuna mwenyewe."

Hapo ndipo Tondo alipofanya jambo ambalo mimi, mpenda mabishano, bado linanipa shida. Aliacha kubishana. Hoja alikuwa nazo zote, na haki ilikuwa upande wake, lakini muda haukuwa upande wa mtu. Akazunguka nyuma ya mamake, akaweka kichwa chini ya lile gamba zito la ukoga, akasukuma.

"Unafanya nini wewe? Niache! Watu wanatuona!"

"Waone."

"Mwanangu, utaniua kwa aibu!"

"Aibu utaimalizia juu, mama. Vuta mguu."

Tondo wadogo walipouona msafara ule wa ajabu, binti anasukuma na mama anateta, wakaingia kwenye mstari wao wa ute na kufuata, kwa sababu walishazoea. Wengine, tondo wenye umri na heshima zao, walibaki malishoni. Walijipanga vizuri, wote wameelekea tawi la Shakwe, tayari kuitwa.

Maji ya bamvua hayana kishindo. Hupenya chini chini kati ya mizizi, na unapoyaona mbele yako, ujue nyuma yako yameshapita. Mama Tondo alikuwa amefika kwenye shina, angali anateta, ubaridi ulipomgusa ukingo wa gamba. Akakatiza neno katikati. Hakuuliza nani ameita. Akaushika mchu na kupanda, mzee yule, kwa nguvu ambazo hata yeye hakujua kama anazo, wadogo wakipanda kulia na kushoto kwake. Wa mwisho alikuwa Tondo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisukuma.

Kaa-koko alifika na wimbi la kwanza. Gando likatoka kwenye maji ya tope, likambana Tondo kwa nyuma, pale gamba linapochongoka.

"Shika mti!" mamake alipiga kelele kutoka juu. "Mwanangu, usiachie! Shika mti!"

Tondo akakusanya mwili wake wote mbele, kwenye mguu, nyama yote ikahama kutoka nchani. Gome la mchu akalishika. Kaa-koko akavuta. Tondo akashika. Pakasikika mlio mdogo mkavu, kah! Kaa-koko akarudi nyuma ndani ya maji na ncha ya gamba gandoni, akaigeuzageuza kutafuta nyama, kama mtu aliyepewa ganda akaambiwa ndiyo ndizi. Tondo alikuwa ameshapanda.

Huko chini sitasimulia sana. Walioziba milango mapema waliishi, nao walikuwa wachache. Mwenyekiti aliponea shimoni mwa mwenzake. Wale waliojipanga wakisubiri kuitwa walikutwa palepale, katika mpangilio wao uleule mzuri.

Maji yalikuwa yamefunika kila kitu, mizizi haionekani, aliposikika Shakwe. Alikuja kwa kasi kutoka mwambani, amechanganyikiwa, sauti kubwa kuliko siku zote. "Maji! Maji! Maji!" Akazunguka juu ya bahari tupu akiita.

Mama Tondo alikuwa ameng'ang'ania gome. Akamtazama. "Sasa huyu," akasema polepole, "anamwambia nani?"

Maji yalipokupwa baraza likaitishwa. Nafasi zilikuwa nyingi. Shakwe akasimama akaeleza kwamba alipatwa na dharura, na Mwenyekiti akamshukuru kwa maelezo yake ya kina. Kisha likaletwa pendekezo. Kwa kuwa imedhihirika kwamba shakwe mmoja hatoshi, atafutwe shakwe wa pili. Bahati nzuri Shakwe alikuwa na ndugu yake mwenye sauti nzuri vilevile. Naye atengewe kidimbwi. Waliobaki wakagonga magando kukubali. Wenye msiba walikuwa wanagonga pia. Unaweza kuamini?

Tondo alikuwa amekaa na gamba lake lililokatika, kovu bado jeupe. Hakuomba nafasi. Aliyejivuta mbele ni mamake, yule aliyesema swali lile halina adabu.

"Mwenyekiti," akasema, "na siku wote wawili wasipoita?"

Kaa mmoja akatoa povu.

Mama Tondo aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, maana haraka hajawahi kuwa nayo. Kisha akageuka. Akaweka mguu wake juu ya mstari wa ute wa binti yake, akaanza safari ya kwenda kwenye mchu, matope yakiwa makavu na bahari haionekani. Tondo akamfuata. Wadogo wakafuata. Nyuma yao Mwenyekiti alinyanyua gando akisema kikao hakijafungwa, jamani, kikao hakijafungwa.

Na tangu siku hiyo, tondo hasubiri kuitwa. Wachanga wao huzaliwa na ncha kali kama wa zamani. Wakishakuwa wakubwa wa kuijua njia, ncha hukatika, na mahali pake huziba pakawa butu. Shakwe naye hajapumzika. Maji yakija anapiga kelele, yakienda anapiga kelele, pwani yote inamsikia na hakuna anayemwendea mbio. Kaa mwekundu bado anasimama mlangoni pa shimo lake, anapunga gando lake kubwa juu na chini, juu na chini, akijaribu kurudisha kikao kwenye utaratibu. Kivuli kikipita tu, anatumbukia ndani.

Narudi kwa wale wanaosema tondo ni mwoga. Haya, nijibuni ninyi. Mwoga ni yule aliyeondoka mchana huku akichekwa, anamsukuma mamake, au ni wale waliobaki kwa sababu waliogopa kuchekwa? Nina wasaa wa kusubiri jibu. Tondo hana.

Kwa hiyo ukipita mikokoni ukamkuta njiani, jua linawaka na maji huyaoni, huenda ukadhani amepotea. Huenda mkono ukakuwasha umbandue kwenye gome, umrudishe matopeni kwenye chakula chake, ukajiona umemsaidia. Nakuomba usifanye hivyo. Mpishe apite.